Nyota Zilizotengenezwa na Watu, na Chakula cha Maskini

Ulizo la baba mmoja

Katika kijiji kimoja cha wavuvi, kando ya ziwa Tanganyika, wakatekumeni walikuwa wakikusanyika kila jioni chini ya mwembe mkubwa, ili kusikiliza mafundisho ya Mwalimu wao. Jioni moja, mafundisho yalipokwisha na mitumbwi ya ndakala ilipokuwa imeanza kuwasha taa zake ziwani, kijana mmoja alinyosha kidole juu akasema: «Tazameni, nyota ile inatembea!» Wote wakainua macho. Kweli, nuru ndogo ilikuwa ikipita polepole katikati ya nyota nyingine, bila kumetameta, mpaka ikatoweka gizani.

Mwalimu akawaeleza kwamba ile si nyota iliyokuwako tangu kuumbwa kwa ulimwengu. Ni chombo kilichotengenezwa na watu, kiitwacho setilaiti, nacho huizunguka dunia kwa mbio kubwa sana. Huonekana wakati wa jioni kwa sababu jua, ingawa limekwisha kutua kijijini, bado linakiangaza huko juu. Chombo cha kwanza cha namna hiyo kilirushwa na Warusi tarehe 4 Oktoba 1957. Siku hizi nchi nyingi zina setilaiti zake, na miongoni mwake zimo nchi ambazo watu wake wengi ni maskini.

Nyuma ya wenzake alikuwa ameketi mtu mmoja ambaye majuma matatu yaliyotangulia alikuwa amemzika mtoto wake. Mtoto alishikwa na malaria. Dispensari ya karibu ilikuwa imeishiwa dawa, na mtumbwi wa kumpeleka hospitali ulichelewa kupatikana. Yule baba akasema kwa sauti ndogo: «Mwalimu, ikiwa nchi maskini ina fedha ya kurusha kitu kama kile, je, si dhambi, wakati watoto wanakufa kwa kukosa dawa ya franka chache?»

Hakuna aliyejibu. Mwalimu mwenyewe alinyamaza kitambo, kwa sababu hakutaka kumjibu mtu mwenye majonzi kwa neno la haraka. Mwisho akasema: «Baba, ulizo lako ni la haki. Nipe siku chache.» Kesho yake alikwenda misioni, akazungumza na Padri, akasoma maandiko aliyopewa. Aliporudi, alifundisha kwa muda wa jioni tatu, na mafundisho yake ni haya yafuatayo.

Jioni ya kwanza: Barua ya Sista wa Kabwe

Mwalimu alianza kwa kuonyesha kwamba ulizo lile si geni. Katika mwaka 1970, Sista mmoja aliyeitwa Mary Jucunda, aliyefanya kazi Kabwe, mji wa Zambia ulio kusini ya Katanga, alimwandikia barua mtaalamu Ernst Stuhlinger. Huyo alikuwa mmoja wa wakubwa wa shirika la Marekani lishughulikalo na safari za angani. Mwaka uliotangulia, tarehe 20 Julai 1969, shirika hilo lilikuwa limewafikisha watu wawili juu ya mwezi, na sasa wataalamu walikuwa wakinena habari ya kwenda hata Mirihi, ile sayari nyekundu. Sista alimwuliza: yawezekanaje kutumia mabilioni ya dola kwa safari hizo, huku watoto wengi duniani wanakufa kwa njaa?

Stuhlinger hakumdharau. Alimjibu kwa barua ndefu tarehe 6 Mei 1970, na kwanza akamwambia kwamba anaiheshimu sana kazi yake na ya wenzake. Kisha akamsimulia habari ya bwana mmoja wa Ujerumani, aliyeishi miaka kama 400 iliyopita, ambaye aliwagawia maskini sehemu kubwa ya mali yake. Bwana huyo alimsaidia pia mtu mmoja aliyekuwa akisugua vioo vidogo na kuviunganisha, ili aone vitu visivyoonekana kwa macho. Watu wa mji wakanung'unika: tauni inatuua, naye anapoteza fedha kwa mchezo wa vioo! Lakini katika kazi ile ya vioo ilitokea hadubini, na kwa hadubini waganga walipata kuvitambua vijidudu viletavyo magonjwa mengi.

«Hata leo,» Mwalimu akaongeza, «damu ya mtoto mwenye homa inapopimwa hospitalini, mara nyingi hutazamwa kwa chombo hicho, ili ijulikane kama ana malaria.»

Yule baba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: «Habari hiyo ni nzuri, Mwalimu. Lakini bwana yule alikuwa tajiri. Alikuwa na cha kuwapa maskini, na tena cha kumpa mwenye vioo. Marekani nayo ni tajiri. Mimi niliuliza juu ya nchi maskini.»

Mwalimu hakuona haya kukubali. Akasema: «Umenena kweli. Barua ile inajibu nusu ya ulizo lako. Yatuonyesha kwamba kuchungua ulimwengu si upotevu, hata kama faida haionekani leo. Lakini haituonyeshi kama mwenye njaa aweza kununua darubini kabla ya kununua unga. Kwa nusu iliyobaki, yafaa twende Uhindi.»

Kanisa la wavuvi wa Thumba

Thumba ni mahali pa pwani, karibu na mji wa Trivandrum, katika Kerala, upande wa kusini wa Uhindi. Wenyeji wake wengi walikuwa wavuvi Wakatoliki, waliokaa katika nyumba za makuti, kati ya minazi na bahari. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wataalamu wa Uhindi, wakiongozwa na Vikram Sarabhai, walikuwa wakitafuta mahali pa kurushia roketi za kuchungua hewa ya juu. Thumba palifaa sana, kwa kuwa ikweta ya sumaku ya dunia hupita karibu na hapo. Lakini mahali hapo palikuwa na kanisa la Mtakatifu Maria Magdalena, na nyumba ya Askofu, na makao ya wavuvi.

Sarabhai hakuwa Mkristo. Alizaliwa katika jamaa tajiri ya dini ya Wajaini. Hata hivyo hakutuma askari kuwafukuza watu. Alimwendea Askofu Peter Bernard Pereira. Yaliyofuata yalisimuliwa baadaye na Abdul Kalam, Mwislamu, mwana wa mwenye mashua, aliyeanza kazi huko akiwa mhandisi kijana, na ambaye alikuwa Rais wa Uhindi tangu 2002 mpaka 2007. Askofu hakujibu siku ile. Alimwambia Sarabhai arudi Jumapili. Jumapili ilipofika, Askofu aliwaeleza waamini mbele yake ombi alilolileta, akawauliza kama wako tayari kutoa kanisa lao na nyumba zao kwa ajili ya elimu ya kuwafaa watu. Wakaitikia wote pamoja: Amina. Kisha jamaa zile zikahama, na kanisa jipya likajengwa mahali pengine.

Kanisa la kale likawa ofisi na karakana ya kwanza. Fedha zilikuwa chache, hata sehemu za roketi zilichukuliwa kwa baiskeli. Tarehe 21 Novemba 1963 roketi ya kwanza, iliyopatikana kutoka Marekani, iliruka juu ya minazi ya Thumba. Jengo lile la kanisa halikubomolewa. Limekuwa jumba la makumbusho, na wageni huingia humo kuona habari za kazi iliyoanza hapo.

Mwalimu aliwaomba wakatekumeni waangalie jambo moja katika habari hii, yaani ni nani waliotoa. Si mabwana wakubwa. Ni wavuvi waliokuwa na nyumba moja na pwani moja. Kwa hiyo, tangu Jumapili ile, roketi za Uhindi zilikuwa na deni kwa maskini. Sarabhai mwenyewe alilijua deni hilo. Alisema wazi kwamba nchi yake haina ndoto ya kushindana na mataifa tajiri katika kupeleka watu mwezini. Lakini, ikiwa inataka kuwa na maana, haina budi kuitumia elimu mpya kwa kuponya shida za kweli za watu wake, bila kuwa nyuma ya mtu yeyote. Alifariki tarehe 30 Desemba 1971, kabla hajaona setilaiti ya kwanza ya Uhindi, iliyorushwa mwaka 1975.

Jioni ya pili: Je, deni lile lililipwa?

Jioni ya pili watu walikuja wengi kupita siku ya kwanza, hata mama kadhaa ambao si wakatekumeni. Mwalimu aliwaambia kwamba deni halipimwi kwa maneno ya mwenye deni, bali kwa kile alichokipokea aliyekopesha. Basi, maskini wa Uhindi walipokea nini?

Kwanza walipokea mafundisho. Tangu Agosti 1975 mpaka Julai 1976 Uhindi iliazima setilaiti moja ya Marekani. Kwa njia yake vijiji 2,400, vingi vyao vikiwa mbali na miji, vilipata kuona televisheni, na ndani yake mambo ya kilimo, afya na masomo ya watoto. Yafaa kukumbuka neno hili «iliazima»: Uhindi ilijifunza kwanza kwa chombo cha mwingine, kabla ya kutumia fedha nyingi kwa chombo chake.

Pili, walipata msaada wa maji na samaki. Picha zinazopigwa kutoka juu hutumika kutafuta mahali pafaapo kuchimba visima. Hutumika pia baharini, kwa maana setilaiti hupima joto la maji na rangi yake. Na pale ambapo vimea vidogo vya maji vinastawi, samaki hukusanyika. Habari hizo hutangazwa kwa wavuvi wa pwani, ili wasipoteze mafuta ya mashua zao kwa kutafutatafuta. Wavuvi wa kijiji waliposikia hayo walitazamana, kwa kuwa kila mmoja wao alijua maana ya usiku mzima pasipo ndakala.

Tatu, walipata kuonywa juu ya tufani, na katika jambo hili Mwalimu alikaa zaidi. Katika Orissa, jimbo la mashariki ya Uhindi liitwalo leo Odisha, tufani kubwa iliingia tarehe 29 Oktoba 1999. Upepo uling'oa vijiji, bahari ikapanda juu ya mashamba, na watu karibu 10,000 wakafa. Miaka 14 baadaye, mwezi wa Oktoba 2013, tufani nyingine yenye nguvu sana, iitwayo Phailin, iliingia katika pwani ile ile. Safari hii watu wapata milioni moja walikuwa wamekwisha kuhamishwa, na waliokufa hawakufika 100. Mwezi wa Mei 2019 ikaja tufani Fani. Watu zaidi ya milioni moja wakahamishwa, na tena waliokufa hawakufika 100.

Kijana yule aliyeiona nyota inayotembea akasema kwa furaha: «Kumbe setilaiti iliwaokoa!»

«Ngoja, mwanangu,» Mwalimu akamjibu. «Mwaka 1999 setilaiti zilikuwako tayari, na tufani ilionekana ikija. Lakini watu walikufa. Kwa nini? Kwa sababu kuona si kuokoa. Mwaka ule nyumba imara za kukimbilia zilikuwa chache mno, na onyo halikufika katika kila nyumba. Baada ya msiba ule, serikali na watu wa Orissa walijenga nyumba za kukimbilia kwa mamia, wakatengeneza njia, wakachagua katika kila kijiji watu wa kupita nyumba kwa nyumba, wakazoeza watoto na wazee kuondoka mara wakiitwa. Jicho la juu lilikuwa lile lile. Kilichozidi ni miguu ya chini.»

Neno hilo, jicho la juu na miguu ya chini, wakatekumeni walilishika, wakalirudia mara nyingi katika siku zilizofuata.

Ndipo mama mmoja akauliza: «Na hizo safari za mbali, Mwalimu? Tumesikia kwamba Uhindi imekwenda hata mwezini. Huko mwezini kuna tufani gani ya kuwaonya wavuvi?» Watu wakacheka, lakini Mwalimu hakucheka. Akasema kwamba ulizo la mama ni zito kuliko yote. Ni kweli: tarehe 5 Novemba 2013 Uhindi ilirusha chombo kwenda Mirihi, nacho kilifika tarehe 24 Septemba 2014, na tarehe 23 Agosti 2023 chombo chake kingine kilitua mwezini, karibu na ncha ya kusini. Watu wengi, ndani na nje ya Uhindi, walinung'unika, kwa sababu nchi hiyo ingali na watoto wengi waliodhoofika kwa kukosa chakula cha kutosha.

Wanaoitetea kazi hiyo hutoa hesabu. Safari ya Mirihi iligharimu rupia milioni 4,500 hivi. Kama fedha hizo zingegawiwa kwa watu wote wa Uhindi, kila mtu angepata rupia isiyofika 4, mara moja tu, na kwa rupia 4 mtu hanunui chakula cha siku moja. Tena, katika kila rupia 1,000 ambazo serikali ya Uhindi hutumia, zile za kazi ya angani hazifiki 5. Kwa hiyo, wasema watetezi hao, njaa ya Uhindi hailetwi na roketi.

«Hesabu hiyo ni ya kweli,» mama akasema, «lakini mtu hagawi chakula kwa walioshiba. Kama fedha zile zingepewa watoto wenye njaa tu, si zingekuwa nyingi kwao?»

«Mama, umeona vema,» Mwalimu akajibu. «Hapo ndipo watu wenye nia njema hutofautiana. Wengine husema kwamba safari hizo huwavuta vijana kupenda elimu, na kwamba fundi anayejifunza kazi ngumu hutenda kazi nyepesi kwa ubora zaidi. Wengine husema: ngojeni kwanza mpaka mtoto wa mwisho ashibe. Mimi sina neno moja la kuwapatanisha. Lakini jambo moja ni hakika: kazi ya tufani, ya visima na ya samaki yajitetea yenyewe mbele ya maskini. Safari ya mbali haijitetei yenyewe. Anayeitaka anapaswa kuitetea mbele yao, kwa hesabu iliyo wazi, na kukubali kuulizwa kama mama alivyouliza.»

Jioni ya tatu: Roketi za Luvua

Jioni ya tatu Mwalimu alirudi nyumbani, yaani katika nchi yao wenyewe. Wazee wachache walikumbuka kusikia habari hiyo, vijana walistaajabu. Katikati ya miaka ya 1970 kampuni moja ya Ujerumani, iitwayo OTRAG, ilifanya mkataba na serikali ya Rais Mobutu, wakati nchi ilipoitwa Zaire. Kwa mkataba huo ilipewa eneo la Shaba, ndiyo Katanga, lenye kilomita za mraba karibu 100,000, ambalo ni kubwa kupita Rwanda na Burundi pamoja. Mahali pa kurushia roketi palikuwa juu ya uwanda, karibu na bonde la mto Luvua. Kampuni ilitaka kutengeneza roketi za bei nafuu, ili kuwarushia wateja setilaiti zao.

Roketi ya kwanza iliruka mwezi wa Mei 1977, na ya pili mwezi wa Mei 1978. Ya tatu ilirushwa tarehe 5 Juni 1978, na Rais mwenyewe alikuja kuitazama pamoja na wageni wake. Ilipanda kidogo, ikageuka, ikaanguka bondeni. Mataifa mengine nayo yalikuwa yakilalamika, yakihofu kwamba kazi hiyo yaweza kuwa njia ya silaha. Katika mwaka 1979 kazi ikafungwa, na wageni wakaondoka.

Mwalimu akawauliza wakatekumeni walinganishe Luvua na Thumba. Mahali pote pawili palikuwa na roketi. Mahali pote pawili wenyeji walikuwa maskini. Tofauti iko wapi? Wakafikiri, kisha wakajibu mmoja mmoja. Mmoja akasema: Thumba watu waliulizwa kanisani mbele ya wote, lakini mkataba wa Luvua ulifanywa kati ya wakubwa na wakubwa. Mwingine akasema: Thumba vijana wa nchi wenyewe walijifunza kazi, lakini Luvua elimu ilikuja na wageni, ikaondoka na wageni. Mzee mmoja akasema: «Thumba roketi ilikuwa na deni kwa wavuvi. Luvua ilikuwa na deni kwa fahari tu.» Mwalimu akawasifu kwa majibu hayo.

Kisha akawatajia jambo la juzi, ambalo wote walilikumbuka. Tarehe 22 Mei 2021 mlima wa moto Nyiragongo ulipasuka karibu na Goma. Watu zaidi ya 30 walikufa, na nyumba nyingi zikafunikwa na moto wa mlima. Siku zilizofuata ardhi iliendelea kutetemeka. Vipimo vya tetemeko, pamoja na picha za setilaiti ziwezazo kupima jinsi ardhi inavyovimba na kupasuka, vilionyesha kwamba moto ulikuwa umepenya chini ya mji wenyewe hata chini ya ziwa Kivu. Kwa hiyo tarehe 27 Mei wakubwa waliamuru sehemu ya mji iondoke, na mamia ya maelfu ya watu wakaondoka. Mlipuko wa pili haukutokea. Lakini kama ungetokea, onyo lilikuwa limetangulia.

«Setilaiti zile si za Kongo,» Mwalimu akasema. «Baadhi ni za nchi za Ulaya, na picha zake hutolewa bure kwa yeyote awezaye kuzisoma. Lakini kabla ya mlipuko, wataalamu wa Goma walioangalia mlima kila siku walikuwa wamekosa fedha za kazi yao, hata za intaneti. Hapo jicho la juu lilikuwako bure. Miguu ya chini ndiyo iliyokosa viatu. Basi, nchi maskini haina lazima ya kuanza kwa kununua jicho lake yenyewe. Yaweza kuanza kwa kuwasomesha watoto wake kusoma kile ambacho jicho la mwingine linaona, na kwa kuwalipa vema wale wanaolinda mlima.»

Mizani ya dhamiri

Baada ya kueleza hayo yote, Mwalimu alikusanya fundisho lake katika mambo manne, ili kila mmoja apate kuyapima mambo hayo kwa dhamiri yake, si ya setilaiti tu, bali kila kazi kubwa inayofanywa kwa fedha ya watu wote.

La kwanza, kazi hii ni kwa ajili ya nani? Papa Paulo VI, katika barua yake ya mwaka 1967 juu ya maendeleo ya mataifa, alifundisha kwamba matumizi ya kujionyesha na mashindano ya silaha ni kwazo lisilovumilika, wakati watu wengi wana njaa. Kazi inayofanywa kwa ajili ya fahari ya wakubwa imekwisha kuhukumiwa, hata roketi yake ikipanda vizuri.

La pili, je, gharama imehesabiwa? Injili yataja mtu atakaye kujenga mnara, ambaye hana budi kukaa kwanza na kuhesabu kama ana fedha za kuumaliza. Nchi inayoanza kazi isiyoweza kuimaliza huchekwa, na fedha za maskini zimekwisha kupotea.

La tatu, je, faida itafika katika nyumba ya mwisho? Kila fedha iliyotengwa kwa jicho la juu lazima iwe na fedha nyingine ya miguu ya chini: njia, mtumbwi, nyumba ya kukimbilia, mtu wa kubisha mlangoni.

La nne, je, fungu la dawa na la chakula limeguswa? Fedha ya uhai wa leo haiondolewi ili kununua elimu ya kesho. Lakini pia elimu ya kesho isitupwe kabisa kwa kisingizio cha leo, kwa maana mkulima mwenye njaa hata yeye huhifadhi mbegu, na akila mbegu zote, watoto wake watalia mwaka ujao. Hekima ni kujua kipimo cha mbegu na kipimo cha chakula.

Mwalimu alipokwisha, alimgeukia yule baba. «Baba, je, nimekujibu?»

Yule baba akakaa kimya. Kisha akasema: «Umenijibu juu ya Uhindi, Mwalimu. Juu ya mtoto wangu hakuna jibu, wala sikutazamia kulipata. Lakini nimeelewa neno moja. Mtoto wangu hakukosa jicho la juu. Mama yake alimwona tangu usiku wa kwanza kwamba anaungua. Alikosa miguu ya chini.»

Watu wote wakainamisha vichwa. Baada ya kitambo mzee mmoja, mwenye mtumbwi mkubwa wa injini, akasimama. Akasema kwamba tangu siku ile mtumbwi wake utalala ufukoni nusu ya majuma ya mwezi kwa ajili ya wagonjwa, na akaomba mwingine ashike nusu iliyobaki. Wawili wakajitokeza. Mama wakaahidi kuchanga fedha kidogo kila juma kwa ajili ya mafuta, na hesabu yake isomwe mbele ya wote kila mwisho wa mwezi. Yule baba ndiye aliyechaguliwa kuishika daftari, naye akakubali.

Maulizo ya kujikumbusha

1. Je, ni kosa kwa nchi maskini kutumia fedha kwa vyombo vya angani?
Si kosa kwa yenyewe. Ni kosa ikifanywa kwa fahari, pasipo kuhesabu gharama, au kwa kuondoa fedha ya dawa na chakula.

2. Kwa nini barua aliyopewa Sista wa Kabwe haitoshi kujibu ulizo hili?
Kwa sababu ilitoka katika nchi tajiri, iwezayo kuwapa maskini na kuchungua anga kwa wakati mmoja.

3. Wavuvi wa Thumba walitoa nini, na kwa namna gani?
Walitoa kanisa lao na makao yao, baada ya kuulizwa wazi na Askofu wao.

4. Kwa nini watu wengi walikufa Orissa mwaka 1999, na wachache mwaka 2013?
Kwa sababu baada ya 1999 watu walijenga nyumba za kukimbilia na njia za kufikisha onyo kwa kila mtu. Kuona tufani peke yake hakukutosha.

5. Roketi za Luvua zafundisha nini?
Kwamba kazi isiyowashirikisha wenyeji wala kuwaachia elimu huondoka pamoja na walioileta.

6. Mkatekumeni aweza kufanya nini katika jambo hili, yeye asiye na roketi wala fedha ya serikali?
Aweza kuuliza kwa heshima na bila woga jinsi fedha ya wote inavyotumiwa. Aweza kuwasomesha watoto wake. Tena aweza kuwa miguu ya chini katika kijiji chake mwenyewe.